Mnada wa Mtandaoni na Bei ya "Nunua Sasa": Nani Anafaidika, Nani Anapunjika?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, hapa Kasese na kule Bwera tumekuwa tukisikia kauli mbili kuhusu minada ya mtandaoni, na kila moja husemwa kwa nguvu kana kwamba ni fatwa. Ya kwanza ni ya wazee wetu: mnada wa kwenye simu ni kamari, na asiyetaka dhambi anunue kwa bei iliyoandikwa, alipe, aondoke. Ya pili ni ya vijana: bei iliyoandikwa ni ya wavivu, mwenye akili hungoja dakika ya mwisho ya mnada akaokota laptop kwa nusu ya thamani yake. Sisi tunasema kauli zote mbili zina kasoro, na kasoro hizo watu wanazilipia kwa pesa za ada.

Kwa wale ambao hawajaingia huko, tueleze jambo lenyewe. Mwaka 1995 kijana mmoja aitwaye Pierre Omidyar alianzisha huko California tovuti ya mnada ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la eBay. Muuzaji anaweka kitu chake, watu wanapandisha bei kwa siku kadhaa, na muda ukiisha aliyefika juu kuliko wenzake ndiye anayechukua. Mwaka 2000 eBay ikaongeza kitufe cha pili pembeni: Nunua Sasa. Muuzaji anataja bei moja, na yeyote atakayeikubali anachukua kitu palepale na mnada unafungwa. Tuseme laptop inaanza kunadiwa kwa dola 60 na bei ya Nunua Sasa ni dola 140. Ukiitaka leo, toa 140. Ukitaka kujaribu bahati, panda kuanzia 60 usubiri wiki.

Kuna jambo dogo hapa ambalo tunawaomba mlishike, maana tutalirudia. Kwa desturi ya eBay, mtu wa kwanza akishaweka dau, kitufe cha Nunua Sasa huondoka, ingawa kwa baadhi ya bidhaa hubaki mpaka dau lifike kiwango fulani. Yahoo, ilipokuwa na mnada wake Marekani, ilikiacha kitufe wazi mpaka mwisho. Yaani mnaweza kuwa watu sita mnapandishana, akaja wa saba akalipa bei ya papo hapo akaondoka na mzigo. Taratibu mbili tofauti, na kila mnunuzi alijua yupo kwenye upi. Na msidhani kitufe hiki ni jambo la mchezo. Kampuni ndogo iitwayo MercExchange iliishtaki eBay ikidai wazo hilo ni haki yake, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani mwaka 2006.

Sasa, inatuhusu nini sisi wa chini ya Rwenzori? Inatuhusu sana. Magari mengi yanayopita barabara ya Mbarara hadi Kasese na kushuka mpaka Mpondwe yalitoka Japani yakiwa yameshatumika. Huko Japani magari hayo huuzwa kwenye minada mikubwa kama ile ya USS, ambayo haingii mtu asiye mwanachama, kwa hiyo mnunuzi wa Kasese lazima awe na wakala wa kumpandishia bei. Au anaiacha njia hiyo na kununua kwa bei iliyotajwa kwenye tovuti kama BE FORWARD au SBT Japan. Laptop na simu huja kupitia ndugu walioko London, Dubai au Toronto, na ndugu huyo ndiye anayepigiwa simu usiku: "Nipandie mpaka dola mia." Halafu kuna hili la karibu zaidi, la makundi ya WhatsApp. Mwanafunzi anaweka picha ya simu na kuandika: mnada unaanza shilingi 150,000, anayetaka sasa hivi atoe 300,000. Hicho ni kitufe cha eBay bila eBay, na hakuna msimamizi wala masharti.

Tuanze na wazee wetu, kwa heshima. Tunahisi neno ndilo limewaponza. Kiswahili kinasema "kuweka dau" kwa mcheza kamari na kwa mpanda bei mnadani, basi mtu akisikia dau anaona karata. Lakini mcheza kamari hutoa pesa na huenda asipate kitu. Aliyeshindwa mnadani hatoi hata senti, na aliyeshinda anapata kitu alichokiona kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Imepokewa kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alinadi vitu vya mtu mmoja katika Answari aliyekuwa na shida, kitambaa na chombo cha kunywea, mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili akapewa. Mnada basi una asili yake.

Kilichokatazwa ni najashi, yaani mtu kupandisha bei bila nia ya kununua, ili amvute mwingine. Na hapo tunawapa wazee haki yao, maana najashi mtandaoni ni rahisi kuliko sokoni. Sokoni Mpondwe ukimwona shemeji wa muuzaji anapandisha bei ya mahindi, watu watacheka. Kwenye simu shemeji huyo ni namba tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu na kujinadia kitu chake mwenyewe mpaka wewe uchoke. Kwa upande huo Nunua Sasa ni kinga ya kweli: bei iko wazi, hakuna wa kukusukuma, unakubali au unaacha. Mzee anayesema bei iliyotajwa ina amani amesema kweli. Tunachokataa ni kuifanya hoja hiyo kuwa hukumu ya mnada wote.

Wengine wanauliza: kitu kimoja kuwa na bei mbili, ya mnada na ya papo hapo, si ndiyo biashara mbili ndani ya moja iliyokatazwa? Wanazuoni walipoifafanua katazo hilo walitaja mfano wa mtu anayeuza kwa kumi taslimu au ishirini kwa mkopo, kisha wawili hao wakaachana bila kujua wamefunga ipi. Kwenye kitufe mnunuzi anachagua mlango mmoja kabla ya kufunga, na bei inajulikana. Hatuoni tatizo hapo.

Amma vijana. Nyinyi mnasema dakika ya mwisho ndiyo yenye faida. Basi tufanye hesabu. Dakika hiyo ya mwisho mnaijua wote, na wenzenu wa nchi zenye intaneti ya kasi wanaijua zaidi. Isitoshe, eBay mashine ndiyo inayokupandia: unaiambia kikomo chako, nayo inapanda kidogo kidogo kwa niaba yako. Kwa hiyo wewe unakesha ukimngoja mpinzani, kumbe unashindana na kikomo alichokiandika juzi akaenda zake kulala. Na anayeshinda mnada wenye watu wengi mara nyingi ni yule aliyekadiria thamani juu kuliko wote, yaani aliyekosea zaidi. Wachumi wameliandika sana jambo hilo na wameliita laana ya mshindi. Katikati ya joto la kushindana mtu husahau kikomo chake. Tunawajua vijana waliosema hawatapita laki nne wakaamkia laki tano na nusu, kwa laptop ambayo bei yake ya papo hapo ilikuwa laki nne na themanini.

Kwenye gari hoja ya vijana inazidi kudhoofika. Familia inayokusanya pesa za gari la kazi inahitaji kujua jumla kabla ya kutuma kitu: bei, meli mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kisha kodi. Mnadani wakala ndiye anayepanda na jumla unaijua baadaye. Halafu URA hukadiria kodi ya gari lililotumika kwa jedwali lake lenyewe la thamani, hivyo ule unafuu ulioupata mnadani si lazima ukupunguzie kodi. Na tangu sheria ya mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Aliyeng'ang'ania "bei ya kuokota" kwenye gari la zamani anaweza kujikuta na gari lisilovuka mpaka. Kwa gari, kwa familia yenye pesa zilizohesabiwa, tunasema bila kusita: nunueni kwa bei iliyotajwa. Mnada waachieni wafanyabiashara wanaoleta magari kumi, ambao wakipoteza kwa moja watafidia kwa mengine.

Mpaka hapa tumemsemea mnunuzi. Lakini kitufe kina upande wa pili, na huo ndio unaotusumbua zaidi, kwa sababu watu wetu mara nyingi ni wauzaji wenye haraka.

Kwa nini mtu huweka bei ya Nunua Sasa? Ana haraka, au anaogopa mnada usimletee kitu. Mwenye haraka hutaja bei ya chini. Na bei ya papo hapo ina tabia moja: ikiwa juu mno hakuna anayeibonyeza, muuzaji hajapoteza kitu, ikiwa chini mno inabonyezwa dakika ileile, na muuzaji hatajua kamwe angepata ngapi. Mnada husaidia palepale ambapo muuzaji hajui thamani ya alichonacho. Wanunuzi wawili wakishindana, ujuzi wao unageuka kuwa pesa yake. Kitufe kinafanya kinyume: ujuzi wa mnunuzi unabaki kuwa faida ya mnunuzi.

Jambo hili si geni kwetu, lilikuwapo kabla ya simu. Nani wa Bukonzo hajui kahawa inayouzwa ikiwa bado maua? Mnunuzi anapanda mlimani na pesa mkononi wakati nyumba haina kitu, anataja bei moja, anachukua mavuno ambayo hayajakuwepo. Nunua Sasa hasa! Mavuno yakija, mwenye shamba anachuma kahawa ya mwenzake. Sheria yetu imelisemea hili pande mbili. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kukomaa. Alikataza pia kwenda kuwapokea wenye misafara njiani na kununua mzigo wao kabla hawajafika sokoni, na mwenye mzigo akifika sokoni akaona amepunjwa, amepewa hiari ya kuvunja. Tazameni alama iliyowekwa: soko. Mtu hajahukumiwa kuwa ameridhika kikamilifu mpaka ajue bei ya soko. Ridhaa ya asiyejua ni ridhaa pungufu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Bwera anayeuza simu apate ada, tunamwambia asiweke bei ya papo hapo usiku uleule anaopata ujumbe wa shule. Kwanza aulize maduka matatu ya Kasese mjini simu kama hiyo inauzwa ngapi. Kazi ya asubuhi moja. Baada ya hapo anaweza kutaja bei yake bila hofu, tena aitaje karibu na bei ya duka, kwa kuwa anayetaka kitu leo anapaswa kuilipia hiyo leo. Asiye na nafasi ya kuuliza aache mnada uende siku mbili tatu, hata kama moyo unamwenda mbio.

(Na tafadhali, asitumie minada ya harambee za misikiti kama kipimo. Pale kuku mmoja huuzwa, akarudishwa, akauzwa tena, kwa bei ya mbuzi. Ile ni sadaka iliyovaa nguo za mnada.)

Sasa tulirudie lile la kitufe kuondoka, maana huku kwenye makundi ndiko ugomvi unakotokea. Muuzaji ameandika: mnada 150,000, papo hapo 300,000. Watu wanapanda: 180, 200, 230. Ghafla simu imeuzwa. Kwa nani? Kwa rafiki, faraghani, kwa 260,000. Waliokuwa wakipanda wanasema wamedhulumiwa, muuzaji anajibu kwamba simu ni yake. Yuko atakayesema kisheria dau si mauzo mpaka muuzaji akubali, na wanazuoni wengi wamesema hivyo. Sawa. Lakini muuzaji huyu ametangaza utaratibu, watu wakaufuata, wengine wakaacha kununua kwingine wakimngojea yeye, kisha akabadilisha bei gizani. Hata ile 300,000 aliyoiandika mwenyewe hakuiheshimu. Ahadi yake ina uzito gani?

Yahoo ilikiacha kitufe wazi na haikumdhulumu mtu, kwa sababu ilisema mapema. eBay ilikiondoa, nayo ilisema mapema. Sisi tunapendelea njia ya eBay kwa makundi yetu: dau la kwanza likiingia, bei ya papo hapo imekufa, na mnada unaendelea mpaka saa iliyotajwa. Inawalinda wanaopanda kwa nia njema, na inamlazimisha anayetaka kwa haraka aamue mapema badala ya kungoja wenzake wampimie thamani ndipo aruke juu yao. Kundi likitaka njia ya pili, basi liandike wazi.

Wasimamizi wa makundi haya wengi wao ni wanafunzi wa zamani wa shule zetu, na wanatusoma. Tunawataka waandike mambo manne juu kabisa ya kundi: kitufe kinakufa lini, mnada unafungwa saa ngapi, mauzo yote yatangazwe hapo hapo, na anayekutwa akijinadia kwa laini ya pili atolewe. Muhula wa kwanza hufunguliwa Februari, na Januari ndipo makundi yanapojaa simu na laptop za watu wenye haraka.

Wabillahi tawfiq.