Neno la Mhariri: Kaunti na Nguzo ya Mwisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ugawaji wa umeme mara mbili ndani ya Jedwali la Nne, na maneno yanayotumika mara zote mbili ni yale yale. Katika orodha ya serikali ya kitaifa, ugawaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi umewekwa chini ya sera ya kawi. Katika orodha ya serikali za kaunti umewekwa chini ya kipengele cha 8, kinachohusu mipango na maendeleo, jirani na takwimu, upimaji wa ardhi, mipaka na makazi. Ibara ya 186 inaeleza kwamba jukumu lililokabidhiwa ngazi zaidi ya moja ni jukumu la pamoja, na cha pamoja, kama warithi wa nyumba moja wanavyojua, huwa cha kila mtu siku ya kugawana kodi na kisiwe cha yeyote siku paa linapovuja.

Toleo hili linashikilia kwamba mahali palipochaguliwa kuandikia jukumu hilo katika orodha ya kaunti pana uzito wake. Kaunti haikukabidhiwa umeme kama biashara ya kuuza. Ilikabidhiwa umeme kama sehemu ya kupanga mahali, pamoja na barabara, viwanja na nyumba, na si rahisi kupata sehemu ya nchi inayoonyesha maana ya jambo hilo vizuri kuliko vilima vya chai vya Kericho na Bomet.

Umeme husafiri kwa hatua. Hatua ya kwanza ni usafirishaji, yaani kupeleka umeme mbali kwa msongo mkubwa, kazi ambayo laini zake mpya hujengwa na KETRACO, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2008. Umeme huo hushushwa msongo katika vituo kama kile cha Chemosit, kisha hatua ya pili, ambayo ndiyo ugawaji, huutoa hapo kwa laini za kilovolti 33 na 11 hadi kwenye transfoma ya kijiji, na kutoka kwenye transfoma hadi kwenye mita ya nyumbani. Laini za ugawaji ziko mikononi mwa kampuni ya umeme ya Kenya Power, na nyingine zilijengwa na Shirika la Kusambaza Umeme Vijijini na Kawi Jadidifu, REREC, au na wakala uliolitangulia. Kwa hiyo, afisa wa mipango wa kaunti anayeitazama nguzo iliyo nje ya zahanati yake anaitazama mali ambayo si yake, katika njia ambayo ni yake.

Eneo lenyewe si maskini wa kawi. Maji ya Kipsonoi, Itare na mito mingine ya mteremko wa Mau huungana kuwa mto Sondu, na mto huo huzungusha mitambo ya Sondu Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, na ya Sang'oro, yenye megawati 21, kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Viktoria. Umeme huo huingia katika gridi ya taifa, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa gridi ni chungu kimoja. Ila aliye mwisho wa laini ndefu ya kijijini hupakuliwa wa mwisho, akapata msongo uliopungua ambao taa inauvumilia na mota haiuvumilii.

Zipo pia gridi ndogo zilizotangulia laini hizi zote. Makampuni ya chai yaliyoingia Kericho katika miaka ya 1920 hayakusubiri laini ya serikali: James Finlay ilikuwa na mitambo midogo ya maji kufikia katikati ya miaka ya 1930, na iliendelea kuiongeza hadi mwaka 1999, ilipofunga mtambo wenye uwezo unaozidi kidogo megawati moja. Mashamba hayo yamebadilisha wamiliki hivi karibuni, lakini mitambo yake inafundisha jambo ambalo halijabadilika, kwamba anayepanga umeme kwa kuanza na kazi itakayofanywa hupata mtandao tofauti na anayeanza kwa kuhesabu paa. Mtandao wa kampuni ulijua mashine gani itawashwa saa ngapi, nao uliishia kwenye ua wa shamba. Ng'ambo ya ua huo, kwa mkulima mdogo anayepeleka majani chai yake kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, stima ilifika kwa kuchelewa, na wengi iliwafikia kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2015 wa kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma kwa shilingi 15,000. Mradi huo ulikuwa na manufaa makubwa, na asiyewahi kusomea kibatari asiudharau. Hata hivyo, ulihesabu paa.

Tofauti hiyo huonekana usiku, ndani ya kiwanda. Majani yaliyochumwa asubuhi hufika kwa lori kutoka vituo vya kununulia yakiwa bado mabichi, zaidi ya robo tatu ya uzani wake ikiwa maji, na hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu ambavyo feni hupuliza hewa chini yake kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi, hadi jani linyauke kiasi cha kukunjika bila kuvunjika. Hapo ndipo linapopitishwa kwenye roli za kukata na kusaga, likaachwa lichachuke kwa muda wa saa moja hadi mbili, kisha likakaushwa. Stima ikipotea saa nane za usiku, jani halisubiri: lililo chini ya rundo hupata joto na kuanza kuwa jekundu mahali pasipofaa, na lililokwisha kusagwa huendelea kuchachuka hata kama kikaushio kimesimama. Jenereta huwashwa, dizeli huchomwa, na gharama ya dizeli hiyo huingia katika hesabu za kiwanda pamoja na kuni na mishahara, kabla ya hesabu hizo kumfikia mkulima kwa jina la bonasi, yaani malipo ya pili ya mwaka, ambayo katika viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa yamekuwa madogo kuliko ya mashariki na kuzua manung'uniko makubwa. Umeme si sababu pekee ya tofauti hiyo, wala si kubwa kuliko bei ya mnadani. Ni sababu ambayo kaunti, ikitaka, inaweza kuigusa. Kukatika kwa umeme nchi nzima, kama kulikotokea tarehe 25 Agosti 2023, huandikwa magazetini, ilhali kukatika kwa laini moja ya kilovolti 33 huandikwa katika daftari la dizeli peke yake.

Chanzo cha kukatika huko mara nyingi ni mti. Mchai uliopogolewa haufiki kifuani pa mchumaji na unaweza kuishi chini ya nyaya bila kuzidhuru, lakini boila za kukaushia chai hula kuni, kuni hizo ni za mkalitusi, na mkalitusi uliopandwa karibu na laini ndio unaoiangukia pepo na mvua ya mawe zinapopiga. Amri ya mahali pa kupanda miti, upana wa hifadhi ya barabara na njia ya waya, yaani kipande cha ardhi kinachoachwa wazi chini ya laini, hutegemea mipango ya ardhi, ambayo ni kazi ya kaunti bila ubishi wowote.

Kaunti nyingi nchini zimechagua kuonekana kwa njia nyingine. Zimesimamisha mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, katika masoko na njia panda, na mama mboga anayeuza hadi saa tatu za usiku amefaidika kweli. Lakini mulika mwizi ni mzigo mpya juu ya transfoma ile ile, na bili yake hurudi kila mwezi baada ya utepe kukatwa. Mzozo wa bili na ada za njia za waya kati ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na Kenya Power, ambao Februari 2025 ulifika hadi taka kumwagwa nje ya ofisi za kampuni hiyo, ulionyesha jukumu la pamoja linavyoweza kuendeshwa pasipo na mpango wa pamoja.

Wapo wanaojibu kwamba kaunti zipewe nguzo zenyewe. Toleo hili halikubaliani nao. Maneno ya Jedwali la Nne kuhusu ugawaji wa umeme na gesi yanafanana na yaliyomo katika Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, ambako manispaa nyingi ndizo huuza umeme kwa wakazi, na ambako manispaa zimelimbikiza deni la mabilioni mengi ya randi kwa shirika la umeme la Eskom. Nchini India, ambako katiba pia inaliweka jambo la umeme katika orodha ya pamoja, mashirika ya ugawaji ya majimbo yameokolewa na serikali kwa mipango ya madeni zaidi ya mara moja. Kenya Power hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua, kwa wizi na kwa nyaya zilizochoka. Kaunti itakayorithi nyaya hizo itarithi na shimo hilo.

Mfano wenye faida zaidi uko California, ambako sheria ya mwaka 2013 ilizilazimu kampuni za umeme kuwasilisha mbele ya tume ya udhibiti ya jimbo mipango ya mitandao yao ya ugawaji, zikionyesha ni laini ipi inaweza kubeba nini na wapi. Jimbo halikununua nguzo, lilidai ramani. Kenya inao mlango wa aina hiyo tayari: kifungu cha 5 cha Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 kinaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri, ili uingizwe katika mpango jumuishi wa taifa.

Mpango huo ukiandikwa kama orodha ya maombi ya transfoma, utarudi kuhesabu paa. Kericho na Bomet zinahitaji mpango unaotaja kila kiwanda cha chai na saa zake, kila kipozeo cha maziwa na kinu cha posho, na kuonyesha ni vingapi kati yake viko kwenye laini ya fezi moja. Fezi moja ni waya unaotosha taa, redio na simu. Mota kubwa huhitaji fezi tatu, na chama cha ushirika kilichopewa kipozeo mahali pasipo na fezi hizo kimepewa kabati la chuma. Takwimu za mizigo ya transfoma ziko kwa Kenya Power, za soko jipya na barabara mpya ziko kwa kaunti, na bila kuwekwa mezani pamoja, mhandisi huongeza uwezo kule kulikokatika mwaka jana badala ya kule kutakakojengwa mwaka ujao. Makala zinazofuata zinaanzia Chemosit, zinaifuata laini ya kilovolti 33 kupita viwandani na mabondeni, na kuishia kwenye nguzo ya mwisho, zikiuliza katika kila kituo ni ofisi ipi inayopaswa kujua kilichoko hapo.