Mlima Tunao, Tuwapeleke Watoto Baharini

KUTOKA KITUKU
Safu ya kila wiki ya Furaha Kavira

Shule zikikaribia kufunga kwa likizo kubwa, swali moja huzunguka katika nyumba za Goma zilizobahatika kuweka akiba kidogo: tukiwatoa watoto nje ya nchi mwaka huu, tuwapeleke pwani au milimani? Wapenda bahari hutaja Mombasa na Zanzibar. Wapenda milima hutaja Musanze, Kisoro, Lushoto, hata Kilimanjaro. Mabishano hayo nimeyasikia hapa bandarini Kituku kati ya wauza samaki wa sambaza, nimeyasikia harusini, nimeyasikia nje ya kanisa baada ya misa. Jibu langu ni pwani, na leo nataka kutoa sababu.

Najua wapo watakaoniuliza kwanza kama huu ni wakati wa kuzungumzia likizo. Vita viliingia ndani ya mji huu Januari 2025. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na walio wengi walibaki wakihangaikia chakula cha siku. Simwambii mtu aliyelala njaa apande basi kwenda kuogelea. Lakini hata katika shida hii wapo wazazi, mwalimu huyu, fundi yule, mama anayeuza vitenge, walioamua kwamba mtoto aliyesikia risasi usiku kucha anastahili kulala walau wiki moja mahali penye utulivu. Uamuzi huo nauheshimu kwa moyo wote. Na kwa kuwa fedha yenyewe ni ya jasho, ni haki tushauriane itumike wapi.

Tuanze na tulicho nacho. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Halina mamba wala kiboko. Mgeni akiliona hutoa simu apige picha. Sisi tunalijua kwa namna nyingine. Njoo Kituku alfajiri: boti za kisiwa cha Idjwi zimefika, wapagazi wameingia majini hadi kiunoni, huyu na gunia la maharage begani, yule na mkungu wa ndizi kichwani. Akina mama wanasukumana kwenye beseni za sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Pembeni yao watoto wanajaza bidoni za njano, wanazipanga kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, na kuzifunga kwa mpira, kisha wanaanza kusukuma kupanda mtaani. Kwa watoto hao maji ni kazi inayotangulia shule.

Na tangu tarehe 3 Oktoba 2024 maji yana maana nyingine pia. Siku hiyo boti iliyoitwa Merdi, ikitoka Minova na mzigo wa watu kupita kiasi, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika hapa, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Makumi walikufa. Walikuwa wamepanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake. Watoto wa mtaa huu waliona wazazi wao wakikimbilia ufukoni, na waliona walichorudi nacho.

Ukigeuza uso kaskazini unaukuta Nyiragongo, mita 3,470. Ulitema moto mwaka 1977, ukatema tena Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukarudia jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baadaye, mitaa kumi iliamriwa kuhama mara moja. Wengine walikwenda Sake kwa miguu, wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walijazana kwenye boti za Bukavu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano usiku ule bado huutazama mlima kila anga linapokuwa jekundu.

Kwa hiyo hoja ya wapenda milima ni nzito: mtoto anayeogopa maji, kwa nini umpeleke kwenye maji mengi zaidi? Si afadhali umpandishe mlima uliotulia, wenye hewa baridi na misitu?

Nitajibu kwa mambo yanayoonekana. Ufuko wa Bamburi na wa Nyali, kaskazini mwa Mombasa, unakingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje. Ndani ya mwamba maji huwa ya kina kifupi, na yakipwa unaweza kutembea mbali ukikanyaga mchanga. Ziwa letu si hivyo; hatua chache kutoka kwenye mawe, chini hakuna pa kukanyaga. Jirani yangu mmoja alimpeleka huko binti yake ambaye tangu ile Oktoba alikuwa hataki hata kukaribia ufuko wetu. Mwanzoni mtoto alikaa juu mchangani, viatu mkononi, akitazama. Bibi yake, ambaye magoti hayamruhusu kitu, alikwenda akaketi ndani ya maji yaliyomfika tumboni, khanga yote imelowa. Maji yalipopwa mtoto akaanza kuyafuata, hatua kwa hatua, akimwita: "Koko, nipo hapa! Koko, nakanyaga chini!" Sisemi kwamba hofu yake iliisha siku hiyo. Nasema alijua maji yanaweza kuwa na sakafu.

Mombasa ina faida nyingine kwa mtoto wa namna hiyo: unafika bila kupanda chombo cha majini. Toka Gisenyi hadi Kigali ni nusu siku kwa basi. Kigali hadi Nairobi kupitia Kampala ni safari ya mchana na usiku. Nairobi hadi Mombasa kuna treni ya SGR tangu mwaka 2017, saa tano au sita hivi, nayo hupita Tsavo. Mji wa Mombasa ni kisiwa, lakini ukielekea Nyali na Bamburi unavuka juu ya daraja. Zanzibar ni nzuri sana, ila kutoka Dar es Salaam utapanda feri ukavuke bahari. Mwenye mtoto aliyeona Merdi alifikirie hilo kabla hajakata tiketi.

Sasa tuiangalie milima ya nje kama mahali pa familia nzima. Kuwaona sokwe wa milimani, Rwanda au Uganda, kunahitaji mtoto awe ametimiza miaka 15. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hakiruhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 10. Hizo ni sheria nzuri, zina sababu zake. Lakini familia ya Goma haisafiri ikiwa baba, mama na kijana mmoja wa sekondari. Ina mtoto wa mgongoni, ina wa shule ya msingi, ina mpwa aliyepoteza wazazi, ina bibi. Milimani familia hiyo itagawanyika asubuhi: wenye nguvu watapanda, wengine watabaki hotelini na blanketi wakisubiri. Baharini wote wanaingia siku moja, kila mtu kwa kina chake.

Ninayo sababu kubwa kuliko hizo. Safari ya nje igharimie kile ambacho nyumbani hakipo. Mlima upo. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na ni ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Ndani yake kuna Nyiragongo, Nyamulagira na Mikeno yenye mita 4,437. Kaskazini kabisa kuna upande wetu wa Rwenzori. Miaka ya utulivu watu walitoka Ulaya na Marekani, wakaanzia Kibati asubuhi, wakapanda Nyiragongo kwa saa tano hivi, wakalala kwenye vibanda ukingoni mwa shimo wakitazama ziwa la moto. Ni wangapi kati yetu, wenyeji, tuliopanda? Wachache mno. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka mingi wakiilinda hifadhi hiyo. Sina ugomvi na Musanze, upande wa Rwanda wa milima hiyo hiyo, na watu wake wanajua kupokea wageni. Lakini kulipa fedha nyingi kuutazama mlima wako kwa mgongo ni kununua ugali kwa jirani huku sufuria yako iko jikoni. Vita vimetuzuia kuifikia milima yetu. Havijaihamisha.

Bahari ni jambo tofauti. Kongo inayo, kweli: kipande kifupi cha pwani ya Atlantiki huko Muanda, kisichofika kilomita 50. Chukua ramani upime. Kutoka Goma hadi Muanda, mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,900, na hakuna barabara ya kupitika kati yetu na huko. Kutoka Goma hadi Mombasa ni karibu kilomita 1,200, na kuna lami njia nzima. Bahari ya Hindi ndiyo bahari yetu ya karibu, ingawa iko kwa wenzetu. Na tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, milango imeanza kulegea. Tangu Septemba 2023 Mkongomani haombi tena viza kwenda Kenya. Chukua pasipoti, chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau nyumbani.

Kuna pia deni la historia. Kiswahili tunachouziana sambaza hapa Kituku kilipanda kutoka pwani ile na misafara ya karne ya 19, kupitia Tabora na Ujiji, kikavuka Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe huko Maniema. Misafara hiyo ilileta lugha na ilichukua watu na pembe za ndovu. Mwenye watoto wakubwa, wasioogopa feri, awafikishe Unguja. Awaonyeshe Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, ambapo leo limesimama kanisa kuu la Anglikana. Awaonyeshe nyumba ya Tippu Tip, mtu ambaye jina lake bado linatajwa Maniema. Kijana wa Kivu akisimama pale ataelewa kwamba watu wa huku walifika baharini zamani sana, wengi wao wakiwa wamefungwa minyororo. Ni vema mjukuu wao aende kwa hiari yake, na tiketi ya kurudi.

Wenye watoto wadogo wakiwa Bamburi wasikose Haller Park. Palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe usioota kitu. Mwaka 1971 walianza kupanda mivinje juu ya mwamba huo. Majani yakadondoka, yakawa udongo, udongo ukakubali miti mingine, na leo ni msitu wenye twiga na kobe wakubwa. Mtoto wa Goma anayecheza mpira juu ya mawe meusi ya lava, aliyekulia mahali ambapo kupanda mchicha kunahitaji ubebe udongo kwa beseni, akaone jambo hilo kwa macho yake. Hapo atajifunza zaidi ya anavyojifunza kwenye bembea yoyote.

Lazima niseme na upande mgumu. Likizo yetu kubwa, Julai na Agosti, huangukia wakati wa kusi. Upepo ni mkali, bahari huchafuka, na mwani hujaa ufukoni. Milimani, miezi hiyo hiyo ni ya kiangazi na njia ni kavu. Hapo wapenda milima wana haki kamili. Lakini kusi hupunguza joto, na kwa sisi tuliozoea baridi ya mita 1,500 hiyo ni neema. Pangeni kwa kalenda ya mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hupwa mbali na watoto hupata uwanja mpana wa kuchezea; siku za maji mafu, maji hubadilika kidogo tu. Ulizeni wavuvi kabla ya kuingia, wao ndio wanaojua mikondo ilipo. Na laleni ndani ya chandarua, maana mbu wa pwani hana likizo.

Kwa wasioweza kufika Mombasa mwaka huu, nawaomba wasione aibu kwa Gisenyi. Huko nako ni nje ya nchi. Unavuka mpaka wa Petite Barrière na jetoni, kibali chako cha kuvukia, ukishahakikisha saa za kufunga mpaka, unatembea hadi ufuko wa umma wenye mchanga na miti, unakaa mpaka alasiri. Ziwa ni lile lile, ila siku hiyo mtoto hana bidoni mkononi. Kwa wazazi wengi huo ndio mwanzo unaowezekana, na mwanzo huo unatosha kumrudisha mtoto majini taratibu.

Wengine wataanza na sanduku. Akina mama wa Kituku tunazo AVEC zetu, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Tumezoea kuligawana mwisho wa mwaka kwa ajili ya karo na mabati. Napendekeza familia tano au sita zinazoaminiana zifungue mfuko wa pembeni tangu Septemba, kwa ajili ya safari tu, wakodi nyumba moja Bamburi, wapike wenyewe, wagawane gharama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa pamoja ni rahisi kuliko kuinama peke yako.

Fedha ya mlima, wale walio nayo, naomba waiweke. Siku njia ya Kibati itakapofunguliwa, wa kwanza kupanga mstari kwa waongoza watalii na wapagazi wetu wasiwe wageni peke yao. Tuwe sisi wa Goma, na watoto ambao mwaka huu tumewapeleka baharini.