Zebaki inaondoka kwenye meno ya watoto. Je, jino la mwanao litabaki?

Mama, baba, bibi au shangazi unayelea mtoto, bila shaka umewahi kuambiwa: "Hilo ni jino la utoto, litatoka lenyewe." Kama mtoto ana miaka 6 na jino la mbele linacheza, aliyekuambia amesema kweli. Kama ana miaka 4 na gego lake lina tundu, amekupoteza. Gego la utoto linatakiwa kukaa mdomoni mpaka mtoto afikishe miaka 10, 11 au hata 12. Hiyo ni miaka 6 au zaidi ya kula upande mmoja, kuamka usiku analia na kukosa masomo.

Tunaliandika jambo hili sasa kwa sababu kuna habari imetokea mbali na Kagera lakini inaingia moja kwa moja kwenye kinywa cha mwanao. Novemba 2025, mjini Geneva, Uswisi, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuwa ifikapo 2034 matumizi ya amalgamu katika kuziba meno yakome. Nchi za Afrika zilitaka mapema zaidi, 2030. Amalgamu ni ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha ambayo baadaye hugeuka nyeusi. Huenda unayo wewe mwenyewe kwenye gego. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Na zebaki watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa ndiyo ile wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Biharamulo wanayokamatia dhahabu kisha kuichoma ipae.

Kwa watoto, uamuzi ulikuja kabla ya huo wa Geneva. Machi 2022, mkutano wa mkataba huohuo uliofanyika Bali, Indonesia, ulizitaka nchi zizuie au zishauri dhidi ya kutumia amalgamu kwenye meno ya utoto, kwa watoto wa chini ya miaka 15, na kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu wa meno anapoona mgonjwa wake hana njia nyingine. Sharti hilo lilianza kufanya kazi Septemba 2023. Tanzania iliridhia mkataba mwaka 2020, kwa hiyo linatuhusu.

Kabla hujaogopa

Usimkimbize mtoto hospitali kwenda kutolewa kiziba cha zamani. Tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Ureno, ziliwafuatilia watoto kwa miaka kadhaa, wengine wamezibwa kwa amalgamu na wengine kwa dawa nyingine. Matokeo yalitoka 2006 na hayakuonyesha tofauti ya akili wala kumbukumbu kati yao. Kiziba kizima, kisichovunjika, kiache kilivyo. Kukichimbua ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kwa wakati mmoja, na jino lenyewe linapungua.

Kwa nini basi izuiwe? Kwanza ni tahadhari, kwa kuwa ubongo wa mtoto na wa kichanga aliye tumboni bado unajengeka. Pili, na kwa maoni yetu hii ndiyo sababu nzito zaidi kwa watu wa kando ya ziwa, zebaki haiishii kwenye jino. Mabaki yake huenda na maji machafu, huchomwa pamoja na taka za kliniki, na mhudumu anayeichanganya kila siku huvuta mvuke wake. Ikifika majini hugeuka kuwa aina hatari zaidi, huingia kwa samaki, na samaki huingia kwenye sahani. Minamata, mji wa Japani ulioupa mkataba jina, ulijulikana duniani kwa sababu hiyo: kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha na una jino la kuziba, mwambie tabibu kabla hajaanza. Usione haya kusema.

Hatari ambayo haizungumzwi

Sasa tuseme kinachotusumbua. Kuzuia amalgamu kwa mtoto ni jambo zuri ikiwa kuna dawa nyingine kwenye kabati. Kama haipo, kinachobaki ni koleo. Kwa miaka mingi tafiti za nchini zimeonyesha kuwa huduma ya meno inayotolewa zaidi Tanzania ni kung'oa. Si kwa sababu matabibu wetu wanapenda kung'oa. Wagonjwa tunachelewa, mashine za kuchonga jino zinahitaji umeme, maji na vipuri, na vifaa vya kuzibia huisha. Mtoto anaingia na gego linalouma, anatoka na pengo.

Pengo hilo lina gharama. Meno ya utoto ni 20, na kila moja linalinda nafasi ya jino la ukubwani litakalokuja chini yake. Gego likitoka mapema, majirani zake husogea kuziba nafasi, na jino la ukubwani likifika linakuta mlango umefungwa. Linaota pembeni au juu ya lingine. Meno yaliyobanana hayapigwi mswaki vizuri, hivyo nayo yanatoboka. Kuyanyoosha baadaye ni kazi ya mtaalamu na fedha ambazo familia nyingi za Bukoba na Muleba hazina.

Lakini kuna njia nyingine ambayo haihitaji umeme, haihitaji zebaki, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Na ilianzia hapahapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno aliyekuwa akifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijaribu kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba tundu, kwa sababu vijijini mashine hazikuwapo. Leo njia hiyo inafundishwa duniani kote. Ajabu ni kwamba mama wengi wa nchi ilikozaliwa hawajawahi kuisikia.

Inafanyika hivi. Mtoto analala chali, kwenye kiti cha meno au hata juu ya meza yenye mto. Tabibu anapanua mdomo wa tundu kwa kifaa kidogo cha mkono, anakwangua sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, anasafisha na kukausha kwa pamba. Sehemu ngumu anaiacha. Kisha anachanganya unga na maji yake kuwa uji mzito uitwao glasi ayonoma, anaujaza kwenye tundu na kuukandamiza kwa kidole. Rangi yake inakaribiana na ya jino, unashika wenyewe kwenye jino, na unatoa floraidi kidogokidogo inayolitia jino nguvu. Baada ya hapo mtoto asitafune upande ule kwa saa moja hivi.

Tusiitukuze kupita kiasi. Tundu lililo juu ya gego likizibwa hivi, kiziba hukaa vizuri. Tundu lililo ubavuni, kati ya magego mawili, kiziba chake hudondoka mapema zaidi na pengine utarudi. Wala njia hii haifai jino ambalo limeshafika kwenye mshipa: linalomwamsha mtoto usiku bila kuguswa, au lenye kijipu cha usaha kwenye fizi. Hilo mara nyingi litang'olewa, na tabibu akikuambia hivyo anakwambia kweli. Mtoto akivimba shavu au chini ya taya, ana homa, hawezi kufungua kinywa vizuri au anashindwa kumeza, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuna pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa tu juu ya uozo na kuusimamisha. Inaacha doa jeusi la kudumu pale palipooza, jambo linalowachukiza wazazi wengi, lakini kwa mtoto wa miaka 2 asiyekubali kukaa kitini ni msaada mkubwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo na glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mwaka uliofuata shirika hilo lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyotoboka.

Uulize nini, na wapi

Ukifika kwa tabibu wa meno, maswali matatu yanatosha: "Jino hili linaweza kuzibwa badala ya kung'olewa?" "Mtaziba kwa dawa gani, ina zebaki?" "Kama dawa haipo leo, itakuwepo lini, au niende wapi?" Uliza kwa heshima, kama unavyouliza dozi ya dawa ya malaria. Kituo kinachoulizwa swali lilelile na akina mama kumi kwa mwezi kina sababu ya kuliandika kwenye maombi ya vifaa.

Kwa aliye Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini. Muleba ni pana. Anayetoka Kamachumu ana Ndolage karibu, wengine wana Rubya au Kagondo, na anayetoka visiwani, Bumbire au Goziba, anasafiri majini kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ya boti au pikipiki, tafuta kwa simu au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako kujua siku ambayo tabibu wa meno yupo na kama dawa ya kuzibia ipo. Kumbuka pia kuwa watoto wa chini ya miaka 5 wamesamehewa malipo katika vituo vya umma. Tunajua kuwa wakati mwingine utaambiwa ukanunue kifaa fulani nje. Hata hivyo, tundu la mtoto wa miaka 3 likionekana mapema, una miaka miwili ya msamaha huo mbele yako.

Kuliona mapema ni kazi yako zaidi ya daktari. Kila mwezi unampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Siku hiyo, mkiwa kwenye foleni, inua mdomo wake wa juu uangalie meno ya mbele, pale yanapokutana na fizi. Mstari mweupe kama chokaa ndio mwanzo wa kuoza, na katika hatua hiyo unaweza kurudi nyuma kwa mswaki na floraidi tu. Ukishakuwa wa kahawia au kuna shimo, mwonyeshe nesi.

Mtoto mchanga akiwa na homa au anaharisha, na mtu akakuonyesha uvimbe mweupe kwenye fizi akasema ni "meno ya plastiki" yanayotakiwa kuchimbwa, kataa. Imani hiyo iko sehemu nyingi za Tanzania, na ng'ambo Uganda pia. Uvimbe ule ni jino la utoto linalojiandaa kuota. Wanaolichimba humwachia mtoto kidonda, damu na maambukizi, huharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake, na wakati huo malaria au nimonia iliyoleta homa inaendelea. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa.

Nyumbani, anza mswaki jino la kwanza linapoota, karibu na miezi 6. Dawa ya meno iwe na floraidi. Kwenye boksi tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 ikifuatiwa na herufi ppm. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Asubuhi na kabla ya kulala, ateme tu bila kusukutua. Mshike mkono wewe mpaka afike miaka 7 au 8, kwa sababu kabla ya hapo mtoto anatafuna mswaki tu. Wapo wanaoogopa floraidi kwa kuwa wameona meno ya kahawia ya watu wa Arusha. Madoa yale yametokana na maji ya kule, si na kiasi hiki cha dawa.

Matoke na samaki hayana kosa. Maziwa yako pia hayana kosa, endelea kunyonyesha. Kinachotoboa ni sukari inayorudi mdomoni mara kwa mara: chai ya sukari kwenye chupa anayolala nayo, juisi ya unga, biskuti na pipi za kumnyamazisha. Ukimpa kitu kitamu, kiwe pamoja na chakula, na baada ya mswaki wa usiku apate maji tu.

Mtoto akifika miaka 6, chungulia nyuma ya magego yote. Kuna gego jipya linaota pale bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hulidhani ni la utoto na kuliacha litoboke. Hilo ni la ukubwani, na likitoka halina mbadala. Mwombe tabibu aliangalie, na aseme kama vijishimo vyake vya juu vinaweza kufunikwa kwa glasi ayonoma ileile.