Zabuni Isomeke Hata Kedowa

Mkulima wa Kedowa anunuapo mfuko wa mbolea ya ruzuku, hununua kitu ambacho kimekwisha kununuliwa mara moja kwa jina lake. Aliyekinunua hamjui, bei iliyolipwa haijui, mkataba uliotiwa sahihi hajapata kuuona. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba mfuko wa kilo 50 utauzwa kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha bei hiyo hadi 2,500. Tulishukuru, maana wengi wetu tulikuwa tumeukimbia mfuko uliopita shilingi 6,000. Lakini tofauti ya bei haikudondoka kutoka mbinguni kama mana. Ililipwa kwa kodi, na kodi hiyo mkulima yuyo huyo huitoa kila anunuapo sabuni dukani.

Msimu wa mvua ndefu wa mwaka 2024 ulitufunza upande wa pili wa neema hiyo. Mwezi Machi waandishi wa habari za uchunguzi walifichua kwamba miongoni mwa mifuko iliyouzwa kupitia Halmashauri ya Nafaka na Mazao ilikuwamo isiyostahili hata kuitwa mbolea. Wakubwa walikana kwanza. Kisha wakakubali kwamba ipo mbolea hafifu. Kisha fidia ikaahidiwa. Mwezi Mei wabunge walipiga kura kumwondoa Waziri wa Kilimo, na kamati teule iliyomsikiliza ikaona mashtaka hayakuthibitishwa. Nani aliandika sifa za bidhaa iliyotakiwa, nani aliipima, nani aliidhinisha malipo: hayo wananchi waliyasikia vipande vipande, baada ya hasara kuingia shambani. Na mahindi yaliyopandiwa vumbi hayang'olewi yakapandwa upya mwezi wa Juni.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tueleze jinsi Serikali inunuavyo vitu, kwani mageuzi tuliyoyapigania hayawezi kusimama ikiwa wananchi hawaujui mlango ambao fedha zao hupitia.

Enzi za ukoloni, ofisi moja mjini London iliyoitwa Crown Agents ndiyo iliyoyanunulia makoloni karibu kila kitu kilichotoka ng'ambo, tangu vyuma vya reli hadi stempu za posta. Uhuru ulipopatikana kazi hiyo ilihamia Nairobi, lakini umbo lake halikubadilika sana. Wizara ilipohitaji magari, dawa au barabara, faili lilipanda ngazi. Na kazi kubwa zikafikishwa mbele ya Bodi Kuu ya Zabuni iliyokuwa chini ya Hazina. Bodi hiyo iliongozwa na nyaraka za Hazina pamoja na kitabu cha mwongozo cha mwaka 1978. Haikuongozwa na sheria yoyote mahususi iliyopitishwa na Bunge. Wajumbe wake walikuwa watumishi wa Serikali ambao vyeo vyao vilitegemea wakubwa wale wale waliotaka zabuni iende upande fulani. Mfanyabiashara aliyeshindwa kwa hila hakuwa na baraza huru la kumsikiliza. Na mwananchi ambaye hakuomba zabuni, ila alilipia tu, hakufikiriwa kabisa.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1986 ujenzi wa bwawa la Turkwel ulikabidhiwa kampuni za Kifaransa pasipo ushindani wa wazi. Mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya mjini Nairobi aliandika waraka wa ndani, ukavuja magazetini, akidai kwamba bei ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ambayo zabuni ya kimataifa ingeileta. Katika Bunge la chama kimoja, nani angethubutu kulichimba jambo hilo hadi mwisho wake?

Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na Bunge lililoanza kazi mwaka 1993 likawa na upinzani. Tangu hapo imekuwa desturi Kamati ya Hesabu za Umma iongozwe na mbunge wa upinzani, nasi twaihesabu desturi hiyo kuwa miongoni mwa matunda halisi ya vyama vingi, pengine kuliko hotuba zote za uwanjani. Hata hivyo kamati hiyo husoma yaliyokwisha kupita. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufika baada ya sherehe, wakati sahani zimekwisha kuoshwa.

Tulidhani pia kwamba kukibadilisha chama tawala kungetosha. Kilibadilika mwaka 2002. Mwaka 2004 ikafichuka habari ya Anglo Leasing: mikataba ya pasipoti na ya vyombo vya usalama, iliyoanza chini ya utawala uliotoka na kuendelezwa chini ya ule ulioingia, kwa majina ya kampuni ambazo hazikupatikana zilipotafutwa. Pazia lilikuwa neno "usalama". John Githongo, aliyeteuliwa kupambana na ufisadi, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa ng'ambo. Mwaka 2014, chini ya serikali ya tatu, Hazina ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za kundi hilo zilizokuwa zimeshinda kesi Ulaya. Watawala watatu, faili moja.

Tusiwe wachoyo wa haki, sheria imesonga mbele. Kanuni za mwaka 2001 ziliiondoa Bodi Kuu ya Zabuni, zikaunda bodi ya kusikiliza malalamiko. Sheria ya mwaka 2005 ilianza kutumika Januari 2007. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, ikaagiza kwamba taasisi ya umma inunue kwa njia ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama inayofaa. Na Sheria ya mwaka 2015 ikafuata ili kulitia nguvu agizo hilo. Kila wizara, kaunti na shirika likawa mnunuzi wa mahitaji yake. Je, wizi ulikoma? La hasha. Uliteremka nao ukapata makao kaunti, na hakuna msomaji wetu anayehitaji kuambiwa jinsi wadi yake inavyofahamu habari hizo.

Kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaosema kwamba dhambi ni ununuzi wa pamoja wenyewe. Sisi wa nchi ya chai twaijua faida yake. Mbolea ya NPK 26:5:5 ya wakulima wadogo hununuliwa kwa wingi kupitia KTDA, gharama yake ikakatwa katika malipo ya majani. Anunuaye shehena ya meli hupata bei ambayo anunuaye mifuko mitatu hawezi kuiota. Tena mkulima wa Litein au Momul ana hisa katika kiwanda chake. Humchagua mkurugenzi, na katika mkutano wa mwaka aweza kusimama na kuuliza kwa nini mbolea ilikatwa kiasi kile. Hatusemi kwamba hujibiwa vizuri kila mara. Wenye bonasi nyembamba wangetucheka. Twasema tu kwamba yupo mtu wa kuulizwa, na siku ya kumwuliza yajulikana.

Ulinganishe utaratibu huo na mashine za hospitali. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilikodisha mitambo kwa ajili ya kaunti zote 47, hospitali mbili katika kila kaunti, kwa mpango uliogharimu mabilioni ya shilingi. Mikataba ilifanywa Nairobi. Mzigo ukapelekwa kaunti. Magavana walilalamika kwamba wanatakiwa kutia sahihi wasichokiona. Isaac Ruto, gavana wa Bomet na mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati ule, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa, akaitwa mpinga maendeleo. Malipo yalianza kwa shilingi milioni 95 kwa kila kaunti kwa mwaka, yakafika milioni 200 katika mwaka wa fedha wa 2018/19. Kamati ya Seneti iliyochunguza iligundua, katika ripoti yake ya mwaka 2020, kwamba baadhi ya mitambo ilikuwa bado imefungwa, kwa kuwa hospitali husika hazikuwa na umeme wa kutosha, au maji, au mtaalamu wa kuitumia. Yeyote ambaye angeuliza hospitali moja tu ya mashambani kabla ya kununua angeambiwa hayo bure na mlinzi wa langoni.

Mwaka huo huo wa 2020, Shirika la Kusambaza Dawa, KEMSA, ambalo sababu ya kuwapo kwake ni kupata bei nafuu kwa kununua kwa wingi, lilinunua vifaa vya Korona vya mabilioni ya shilingi. Mkaguzi Mkuu alikuta bidhaa zimejaa ghalani, zimenunuliwa ghali hata soko likawa rahisi kuliko ghala la Serikali.

Wazo letu ni kwamba umbali ulioko kati ya Kedowa na Nairobi hauhesabiwi kwa kilomita. Zabuni inayoamuliwa Kericho, karibu nasi, ikiwa imefichwa, iko mbali kuliko ile ya Nairobi iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana katika mabishano ya mwaka 2025, Hazina ilipoagiza zabuni zote zipitie mtambo mmoja wa elektroniki tangu Julai 1, nao magavana wakapinga hadi shauri likafika Mahakama Kuu, hatukupenda kuchagua upande kwa ushabiki. Magavana walikuwa na hoja ya ugatuzi. Hazina ilikuwa na hoja ya kumbukumbu zisizofutika. Swali letu kwa wote wawili lilikuwa moja: mwalimu wa Kedowa mwenye simu mkononi ataona nini humo? Akiona jina la aliyeshinda, bei, na jina la mwenye kampuni, mtambo huo ni wetu. Akikutana na ukurasa unaodai nywila, basi ni Bodi Kuu ya Zabuni iliyovaa suti mpya.

Sheria yenyewe ina matundu mawili ambayo wanamageuzi hawajayapigia kelele ipasavyo. Kwanza, Sheria ya 2015 huiweka nje mikataba iliyo chini ya makubaliano kati ya Serikali yetu na serikali au mashirika ya kigeni. Reli ya kisasa ilipojengwa, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2020 kwamba kifungu cha 227 hakikufuatwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaona kwamba sheria ya wakati ule iliruhusu mapatano ya aina hiyo kati ya serikali na serikali. Twaheshimu uamuzi huo. Lakini mlango uliopitisha reli nzima ni mpana mno kuitwa tundu, na wa kuuziba ni Bunge.

Pili, Bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni humsikiliza mfanyabiashara aliyeomba zabuni au aliyepata hati zake. Hupewa siku 14 kulalamika, na Bodi siku 21 kuamua. Mkulima aliyeuziwa vumbi, mgonjwa aliyekuta mashine imefungwa, hawana kiti pale. Wafanyabiashara wawili wakigawana mkate kimyakimya, hakuna atakayelalamika, na Bodi haitajua kamwe. Twadai sheria irekebishwe ili chama cha ushirika, kanisa au kikundi cha wakazi kiweze kufungua lalamiko pale ambapo bidhaa imekusudiwa wao.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa makanisa. Kanisa letu linapoezekwa mabati, kamati huleta bei za maduka matatu, na mhazini husoma hesabu mbele ya waumini, hata mama mjane aliyetoa shilingi hamsini aisikie. Kisha Jumapili ya harambee huja mgeni mwenye bahasha nene, nasi husahau desturi yetu wenyewe na kumpigia makofi kabla hatujauliza amezipata wapi. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza michango ya wanasiasa katika parokia moja ya Soweto irudishwe, ukiwamo wa Rais. Wapo waliomlaumu. Sisi twaona alifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu ambayo Bunge huifanya kwa miaka mitano bila kuimaliza. Bahasha nyingi za aina hiyo ni zabuni ya barabara yetu inayoturudia ikiwa imepungua.

Na kabla ya Bunge kurekebisha lolote, liko jambo ambalo kikundi chochote cha Kedowa, Londiani au Kapkatet chaweza kulifanya juma hili. Sheria ya mwaka 2015, kifungu cha 138, yamlazimisha mkuu wa taasisi kutangaza mikataba aliyoitoa. Katiba, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya mwaka 2016 yaeleza njia. Andikeni barua kwa taasisi iliyonunua, iwe ni wizara, kaunti au shirika. Tajeni kitu kimoja tu, zahanati ile, kisima kile, mbolea ya msimu ule. Ombeni nakala ya mkataba, maelezo ya bidhaa iliyotakiwa, bei, na cheti cha aliyekagua na kupokea. Wekeni nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taasisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, pelekeni lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Sheria hiyo husema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aweza kulitamka kwa mdomo, afisa akawajibika kumwandikia.