Mwenye Nyumba Wetu Hupigiwa Kura

Ndugu wapangaji wa nyumba za kaunti, kuanzia Kaloleni na Ziwani hadi Bahati, Jericho, Maringo na Shauri Moyo. Nanyi Wanairobi wenzetu mnaoishi kwingine lakini mnakatwa ushuru wa nyumba kila mwisho wa mwezi: Jumanne, Agosti 10, 2027, tutapiga kura. Redioni na ndani ya matatu watu wameshaanza kubishana kuhusu urais. Mimi nawaomba tuzungumzie karatasi nyingine mbili kati ya zile sita tutakazopewa siku hiyo: ya gavana na ya mwakilishi wadi. Mpangaji wa Pipeline au wa Kasarani hana uwezo wa kumchagua mwenye nyumba wake. Sisi tunao, na tumekuwa tukiupoteza kila baada ya miaka mitano.

Nyumba tunazoishi ni mali ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali kuu sera ya makazi, ikaiweka nyumba yenyewe miongoni mwa kazi za kaunti. Bomba la majitaka likipasuka nyuma ya jikoni, ni kaunti. Kodi ikipanda, ni kaunti. Mtaa ukiamuliwa kubomolewa, mwekezaji akatafutwa, ardhi akakabidhiwa, masharti yakaandikwa, ni kaunti. Gavana na mawaziri wake hupanga, na bunge la kaunti, lenye wawakilishi kutoka wadi 85, hupitisha bajeti au huikataa. Hakuna ofisi nyingine nchini inayoamua mambo ya ndani ya milango yetu kwa kiasi hicho.

Tazameni yaliyotokea kati ya chaguzi mbili tu. Mpango wa kubomoa mitaa ya zamani na kusimamisha maghorofa ulianza enzi za Evans Kidero. Agosti 2017 Mike Sonko akashinda, akaurithi. Januari 2018 naibu wake, Polycarp Igathe, akajiuzulu, na kiti kile kikakaa kitupu karibu miaka mitatu. Februari 2020 kaunti ikasalimisha kwa serikali kuu kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Ikazaliwa NMS, ofisi ya kuziendesha kazi hizo, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, kiongozi ambaye hakuna mkazi aliyempigia kura. Desemba 2020 Seneti ikamng'oa Sonko. Spika wa bunge la kaunti akashikilia usukani kwa muda, akafuata Anne Kananu, na uchaguzi wa Agosti 2022 ukamleta Johnson Sakaja.

Sasa jiweke katika nafasi ya mpangaji wa Pangani, mtaa uliokuwa na nyumba 48, zikabomolewa kupisha mradi wa nyumba zaidi ya 1,500. Ahadi kwamba atarudi imepita mikononi mwa wangapi? Kila aliyeingia ofisini aliikuta faili mezani, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuifungua au kuifunika kwa faili nyingine. Familia iliyohama hubaki ikihesabu miezi ya kodi ya kwingine huku majina ya wakubwa yakibadilika kwenye vichwa vya barua.

Wazee wetu waliona hali iliyo mbaya zaidi ya hiyo. Machi 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji ikaweka Tume, na hadi mwisho wa 1992 Nairobi haikuwa na diwani hata mmoja aliyechaguliwa. Kabla ya hapo baraza lilijenga, pamoja na upungufu wake wote: Jericho mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha Uhuru, kisha Umoja miaka ya 1970. Sababu za kukwama kwa ujenzi zilikuwa nyingi, madeni yakiwemo, na jiji lilikuwa likijaa watu kuliko pesa. Lakini mpangaji ambaye paa lake lilivuja mwaka 1987 hakuwa na diwani wa kumwendea, wala hakuwa na siku ya kumwondoa. Mama mmoja jirani yangu, aliyeingia nyumba yake akiwa bibi harusi, husema kwamba miaka ile walijifunza kujizibia paa wenyewe na kunyamaza. Kujizibia paa tungali tunajizibia. Kunyamaza ndiko ninakotaka tukuache.

Kwamba kura ya jiji inaweza kujenga si ndoto. Mei 1919 wakazi wa Vienna, nchini Austria, waliwapa Wasoshalisti-demokrasia wingi katika baraza la jiji. Mwaka 1923 baraza lile likaanzisha kodi maalumu ya ujenzi iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, na kufikia 1934 jiji lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000 za wafanyakazi. Hadi leo jiji la Vienna ni mwenye nyumba wa takriban makao 220,000. Ushuru wetu, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, humkata kila mtu asilimia 1.5, awe meneja wa benki au askari wa getini, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Pesa hizo huenda serikali kuu. Lakini ardhi iliyo chini ya nyumba zetu, ekari zile za Eastlands zilizo karibu na katikati ya jiji ambazo kila mjenzi anazitamani, ni ya kaunti. Serikali kuu ina fedha na kaunti ina ardhi, na anayeweza kuweka masharti juu ya ardhi hiyo ni yule tunayempa kura kwenye zile karatasi mbili.

Niseme wazi kwamba sipingi ujenzi mpya. Nyumba za Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940 kwa jiji dogo. Ukiingia leo kwenye ua mmoja utakuta nyumba ya matofali ya chumba kimoja au viwili, na ubavuni mwake vibanda vya mabati vitatu au vinne, kamba za nguo zimekatizana, na msururu wa madebe kwenye bomba moja la nje. Watoto wa mwenye kadi ya upangaji wameoa, wakajenga ubavuni, nao wamezaa. Hatuwezi kuiita hali hii urithi tukaitetea ibaki ilivyo. Wala tusijifiche ukweli mwingine: wapo kati yetu wanaoilipa kaunti kodi ndogo, wao wanaishi kwingine, na nyumba wamempangisha mtu kwa bei ya soko. Hao wanawapa wakubwa sababu ya kusema kwamba wapangaji wa kaunti ni walaghai wasiostahili kusikilizwa. Tukitaka kudai haki, tuanze kwa kujihesabu kwa uaminifu.

Na hapa tunao wa kujifunza kwao, wala hawako mbali. Agosti 2017, mwezi uleule wa uchaguzi, kaunti iliitangaza Mukuru, mtaa wa mabanda, kuwa Eneo Maalumu la Upangaji, yaani eneo la kuandikiwa mpango wake lenyewe. Tangazo lile halikudondoka mbinguni. Wakazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirika la watu wa mitaa ya mabanda, walikuwa wamekwisha kuhesabu nyumba zao, wakaonyesha wanalipa kiasi gani kwa maji na stima wasizozipata sawasawa, wakajua ardhi imeandikwa majina ya nani. Baadaye wakajipanga kaya kumikumi, kila kundi likatoa msemaji, na wasemaji wakakutana, mpaka eneo la kaya zaidi ya 100,000 likawa na sauti inayosikika. Gavana akabadilika, NMS ikaja, na mpango haukutupwa: aliyeingia ofisini aliukuta umeandikwa, na aliwakuta watu wanaoujua ukurasa kwa ukurasa. Haukuwakinga na kila kitu. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara, na wengine walilala nje kwenye mvua. Hata hivyo, nikilinganisha wao na sisi wa mitaa ya kaunti, tulio na kadi za upangaji na risiti, naona aibu. Hatuna hata orodha yetu wenyewe.

Kadi zenyewe ni msiba mwingine. Katika nyumba nyingi jina lililo kwenye kadi ni la marehemu. Mtoto analipa kodi kila mwezi kwa jina la babake aliyezikwa miaka kumi iliyopita, na risiti inatoka hivyo hivyo. Siku ya mtaa kubomolewa, fidia na nafasi ya kurudi vitatolewa kwa waliomo kwenye daftari la kaunti, na mtoto huyo ataambiwa hatambuliki. Kubadilisha jina ni kazi ya ofisini ambayo inawezekana leo. Kesho ya tingatinga haitawezekana.

Kuna jambo la tarehe ambalo wengi wetu hatujalitilia maanani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1 kila mwaka. Tukipiga kura Agosti 10, basi mpango utakaoongoza bajeti ya kwanza ya kaunti mpya utafika bungeni wiki tatu tu baadaye, washindi wakiwa bado wanaapishwa na walioshindwa wakiwa njiani kwenda mahakamani. Makarani wataandika yaliyomo kwenye droo. Halafu, katika miezi hiyohiyo, utaanza kutayarishwa mpango mkubwa wa miaka mitano, wa 2028 hadi 2032. Mkakati wa fedha unafuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayengoja uchaguzi upite ndipo aanze kupeleka maombi atakuta mlango wa kwanza umefungwa. Madai yetu lazima yawe yamekamilika mapema, na nakala iwe mikononi mwa kila mgombea, atakayeshinda na atakayeshindwa.

Madai gani? Kila mtaa utaandika yake, lakini yapo ambayo nadhani hatuwezi kuyaacha. Mtaa ukibomolewa, haki ya kurudi iandikwe kwenye mkataba unaoifunga kaunti na mjenzi pamoja, wenye jina la kila mpangaji, ili gavana mpya asiweze kusema hayo yalikuwa ya mwenzake. Sehemu ya kodi tunayolipa irudi mtaani kwa ukarabati, na hesabu yake ibandikwe ukutani mwa ukumbi. Na swali moja ambalo ningependa kila mgombea aulizwe mbele ya watu: katika nyumba mpya zitakazojengwa hapa, ngapi zitakuwa nyumba za kijamii? Sheria ya 2024 inaziweka hizo kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Zile zinazoitwa za bei nafuu ni za wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Mzee wa pensheni wa Maringo na mama wa mboga wa Shauri Moyo wako kwenye lile fungu la kwanza. Mgombea akijibu kwa kusema "nyumba nyingi za bei nafuu", hajajibu.

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitu-Bell waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata aliyejenga kwenye ardhi ya umma bila hati anaweza kudai ulinzi wa haki hiyo. Lakini wale watu walibomolewa Novemba 2011 na uamuzi ukaja baada ya zaidi ya miaka tisa. Ni bora kumbana mwakilishi wadi kabla ya tingatinga kuliko kuishinda kesi watoto wakiwa wameshakua.

Nanyi msiokaa nyumba za kaunti, hili ni lenu pia. Kila familia inayotolewa Bahati bila pa kwenda itatafuta chumba Mathare, Kayole au Dandora, na landilodi wenu ataona foleni imekuwa ndefu mlangoni. Kodi itapanda, na itakayopanda ni yenu. Tena ni ushuru wenu unaojenga yale maghorofa. Mna haki ya kuuliza anayeingia humo ni nani.

Kwa hiyo naomba tuanze mwezi huu. Vijana, wenye simu na miguu mepesi, wachukue daftari wapite milango kumikumi, waandike jina lililo kwenye kadi, jina la anayeishi humo, na idadi ya watoto. Anayepangisha kwa siri asitishwe wala asifichwe, aandikwe anavyoishi. Vyama, makanisa, misikiti na vikundi vya mazishi, ambavyo tayari vinajua nani ni nani katika kila ploti, viyapokee madaftari hayo na kuyatunza. Asiyejiandikisha kupiga kura katika wadi anayoishi ahamishe kituo mapema, kwa sababu kura uliyoiacha kijijini haimfikii mwakilishi wa wadi yako. Kisha kila mtaa uwaite wagombea wake wote wa uwakilishi wadi siku moja, ukumbi mmoja, bila khanga wala unga wa kugawa, waisome karatasi ya madai kwa sauti na waitie sahihi mbele ya wakazi. Asiyekuja, kiti chake kiachwe wazi mbele ya watu wote.

Katika mkutano wa kwanza wa mtaa wako, njoo na kadi ya upangaji, risiti tatu za karibuni, na kitambulisho. Kama kadi ina jina la marehemu, beba cheti cha kifo, ili tupange siku ya kwenda ofisi ya nyumba kwa pamoja.