Teknolojia ndani ya labo: msaada unamfikia nani?

Tukizungumza juu ya teknolojia mashuleni, mara moja tunafikiri kompyuta, intaneti na akili bandia. Lakini kuna swali dogo linalotangulia hayo yote: mwanafunzi akikwama katikati ya jaribio ndani ya labo, ni nani anamsaidia, na baada ya muda gani?

Hali yetu inajulikana. Mwalimu ni mmoja, wanafunzi ni wengi, mikroskopu ni chache. Anayeita kwa sauti kubwa ndiye anayefikiwa kwanza. Yule anayenyamaza kule nyuma, labda msichana mwenye haya au mtoto wa wakimbizi wa vita aliyeingia shuleni katikati ya mwaka, ananakili jibu la jirani, na saa inakwisha. Kesho huyo huyo anaweza kuwa fundi wa maabara katika kituo chetu cha afya. Asipojifunza sasa kutambua kijidudu cha malaria katika tone la damu, atakisia mbele ya mtoto mwenye homa.

Vyuo vingine vimetafuta dawa ya jambo hili. Kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji msaada hujiandikisha katika foleni ya mtandaoni, na wasaidizi huwafuata kwa zamu. Foleni ya namna hii ina faida mbili. Mnyamavu anapata nafasi yake sawa na msemaji. Tena, mwalimu akisoma orodha jioni, anaona ni wapi wengi walikwama. Kama karibu kila meza iliuliza jambo moja, basi maelezo yake ndiyo yanahitaji kurekebishwa.

Lakini tuangalie vizuri ni nani anayejibu foleni ile. Kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wenyewe, waliokwisha kupita somo lile na wakafundishwa namna ya kusaidia wenzao. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kutumia akili bandia katika somo lake la kwanza la kompyuta, nayo ilitengenezwa ili imwongoze mwanafunzi kuelekea jibu bila kumpa jibu lenyewe. Hata hivyo, walimu na wasaidizi hawakuondolewa. Mashine haiwezi kushika mkono unaotetemeka juu ya kioo cha mikroskopu.

Kwetu, foleni kama hiyo haidai intaneti. Ruta moja na kompyuta ndogo, vyenye umeme wa jua, vinatosha kuunganisha simu zilizo ndani ya chumba kimoja. Pasipo simu, kila meza inaweza kuinua karatasi nyekundu, na mwanafunzi mmoja akaandika namba za meza ubaoni kwa kufuatana. Kazi ni ile ile.

Kinachokosekana zaidi ni watu. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, familia nyingi zimehama. Benki za Goma zilifungwa, na kulipa walimu kumekuwa mzigo mzito. Kuajiri wasaidizi wapya si jambo rahisi kwa sasa. Lakini wanafunzi wa mwaka wa mwisho wako pale pale shuleni.

Tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi ziko chini ya usimamizi wetu. Kwa hiyo swali hili linatuhusu moja kwa moja. Kabla kamati ya shule haijachanga pesa za vyombo, ichague kwanza wanafunzi wachache wa madarasa ya juu, wavulana kwa wasichana. Mwalimu awafundishe kila jaribio siku moja kabla ya wenzao, na awaonye wasifanye kazi mahali pa mwenzao, bali waulize na kuelekeza. Kisha orodha ianze, ya karatasi au ya simu. Baada ya muhula mmoja, kamati iisome orodha hiyo pamoja na mwalimu: ni nani hakuwahi kuomba msaada, na ni kwa sababu gani?