PICHA SI HAKIMU WA MIKONO YETU

Ndugu Wafanyakazi,

Tumechoka kuambiwa, "Picha ni safi, rudi kazini." Mwenzetu wa genge la njia ameinua mataruma na kupiga nyundo miaka mingi. Leo kifundo cha mkono kimevimba, hata nati hawezi kuikaza. Lakini karatasi ya eksirei ikiwekwa mezani, maneno yake hayasikizwi tena. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sisi hatuitukani eksirei, wala hatusemi daktari ni mwongo. Twasema picha ina mpaka wake. Huonyesha mifupa, gegedu iliyo kati ya mifupa haionekani. Daktari hukisia kuchakaa kwake kwa kutazama nafasi iliyobaki na vijifupa vilivyoota kandokando. Mwaka 1957 madaktari Kellgren na Lawrence wa Manchester, Uingereza, walitoa kipimo cha daraja 0 mpaka 4, ambacho hutumika hata leo. Wao wenyewe walisoma picha zile zile, kila mtu peke yake, wakaona kwamba hawapatani kila mara. Na kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyobanana, mmoja ukifunika mwingine pichani! Tena yuko mwenye picha mbaya asiyeumwa, na yuko mwenye picha nzuri asiyelala kwa maumivu.

Basi ikiwa wenye kipimo hawakupatana, ofisi yapata wapi uhakika wa kumnyima mtu haki yake? Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 huhesabu ulemavu kwa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo chakula cha watoto.

Twadai hivi: picha zisomwe na madaktari wawili, mikono yote miwili ipigwe picha, nguvu ya kushika na kukunja ipimwe, na kazi aliyoifanya mtu iandikwe.

Nawe ndugu, ukiangukia mkono, usikubali picha ya siku ya kwanza iwe ya mwisho. Ufa wa mfupa mdogo ulio upande wa kidole gumba huweza kujificha, ukaonekana baada ya siku 10 hadi 14. Usipotibiwa, kiungo huchakaa mapema.

Aliye na karatasi ya namna hii ailete kwa mwakilishi wa Chama. Mkono uliojenga njia usihukumiwe na kivuli chake.

Umoja ni nguvu.